Kabla ya kuzalisha mbwa wako, mpeleke akapimwe

Katika mitaa ya Nakuru kama vile Kaptembwo, Githima na Kwa Rhonda, mbwa ni mlinzi wa maskini na wa tajiri. Mwenye ploti humfuga ili geti lisivunjwe usiku, mwenye duka humfuga ili mlango wake usiguswe, na siku hizi kuna vijana ambao wameona kwamba vilebu, yaani watoto wa mbwa, wanaweza kuuzwa na kuleta pesa za kodi ya nyumba au karo ya shule. Hakuna ubaya wowote katika kufuga wala katika kuuza. Ubaya umo katika namna tunavyozalisha.

Aghalabu mwenye mbwa jike hungoja apate joto, akatafuta dume kubwa la jirani, na baada ya miezi miwili akaanza kuhesabu vilebu. Wengine hawatafuti dume yeyote. Geti huachwa wazi na madume wa mtaa mzima hujileta wenyewe. Hakuna anayeuliza kama jike ana ugonjwa, kama dume amechanjwa, au kama wawili hao walizaliwa na mama mmoja.

Maoni yangu ni kwamba mtu asiyempima mbwa wake hafai kumzalisha. Tena, mtu anayemwacha jike wake azurure akiwa na joto anafaa kuhesabiwa kuwa mzalishaji, hata akisema hakukusudia. Nasema hivi kwa sababu jambo lenyewe linagusa afya ya binadamu kabla halijagusa mfuko wa mwenye mbwa. Katika ploti ambapo familia nyingi hutumia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja, mbwa wa mmoja ni mbwa wa wote, na maradhi yake ni ya wote.

HESABU YA ASILIMIA 70

Hebu tuanze na kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndicho kinachoua. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1912, katika mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi. Mwaka wa 1928 ukathibitishwa katika binadamu. Zaidi ya karne moja baadaye bado tunao, na makadirio yanayotumiwa na serikali ni kwamba huenda ukaua hadi watu 2,000 kwa mwaka katika nchi hii. Shirika la Afya Duniani nalo hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka ulimwenguni, na linasema kwamba katika kila visa 100 vya binadamu, 99 hutokana na mbwa. Watoto ndio huumia sana, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa na ndio wasiosema wanapoumwa. Dalili zikishaonekana hakuna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa.

Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo hivi ifikapo mwaka wa 2030. Msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70, kwa maana wakifikia idadi hiyo virusi hukosa njia ya kupita kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine.

Sasa tuchukue mfano wa barabara moja ya mtaani yenye mbwa 10. Maafisa wa mifugo wanakuja mwezi wa Januari na kuchanja mbwa 7. Tumefikia asilimia 70, na kila mtu anarudi nyumbani akiwa ameridhika. Mwezi wa Mei jike mmoja anazaa vilebu 6. Barabara hiyo sasa ina mbwa 16, na waliochanjwa ni wale wale 7. Asilimia 70 imeshuka ikawa chini ya 44, ingawa hakuna mbwa hata mmoja aliyechanjwa ambaye amekufa wala kuhama.

Hivyo ndivyo uzazi usiopangwa unavyobomoa kazi ya chanjo. Vilebu hao ndio watoto wanaowabeba mapajani na kulala nao. Wakitupwa kwenye jaa, watakaobaki hai watakuwa mbwa koko wasio na mtu wa kuwapeleka kuchanjwa. Kuwaua mbwa kwa sumu hakujawahi kumaliza ugonjwa huu popote, na Shirika la Afya Duniani limelisema hilo waziwazi. Nafasi ya aliyeuawa hujazwa na mwingine ambaye hakuchanjwa.

MAGONJWA YANAYOPITIA KITANDANI NA TUMBONI

Kipimo cha kwanza ambacho daktari wa mifugo atakifanya hakihitaji mashine. Atawakagua jike na dume sehemu zao za siri. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao ni wa kawaida mahali palipo na mbwa wengi wanaozurura. Dalili yake ni matone ya damu yasiyoisha na nyama iliyofura kama koliflawa. Wafugaji wengi hudhani ni joto limechelewa kwisha. Uvimbe huo hutibika kwa dawa ya sindano inayotolewa kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini dume mmoja wa mtaa asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza majike wengi kabla mwaka haujaisha.

Cha pili ni kupima damu kutafuta brusela. Wakazi wa Bonde la Ufa wanaujua ugonjwa huu kwa ng'ombe na mbuzi, kwa sababu hutoa mimba, na mtu akinywa maziwa yasiyochemshwa hupata homa inayokuja na kuondoka, na maumivu ya viungo. Mbwa wana aina yao ya brusela, na pia wanaweza kupata ile ya ng'ombe wakila kondo la nyuma lililotupwa. Jike mwenye ugonjwa huu hutoa mimba katika wiki za mwisho au huzaa vilebu dhaifu. Dume huvimba korodani na kuwa tasa. Kwa mbwa hakuna dawa inayoaminika kuumaliza kabisa, kwa hiyo aliyepatikana nao hafai kuzalishwa kamwe. Na binadamu anayemsaidia jike kuzaa kwa mikono mitupu hujiweka hatarini. Kwa vile ugonjwa unaweza kujificha katika siku za mwanzo, kipimo hurudiwa baada ya wiki chache.

Cha tatu ni magonjwa ya kupe. Kupe wa kahawia hupenda nyufa za kuta za nyumba na vibanda vya mbwa, na huleta vijidudu vinavyoharibu damu. Mbwa anaweza kuonekana mzima huku damu yake ikiwa imepungua. Akishika mimba, mwili wake hushindwa kubeba mizigo miwili. Tone la damu chini ya darubini na hesabu ya chembe za damu humwonyesha daktari mengi.

Cha nne ni minyoo. Mnyoo mmoja wa mbwa hujificha katika nyama ya mama, kisha mimba inapokomaa huamka na kupita hadi kwa vilebu wakiwa bado tumboni. Ndiyo sababu kilebu wa wiki mbili anaweza kuwa na tumbo kubwa kama ngoma. Mayai yake hutoka na kinyesi na kukaa mchangani kwa miezi mingi, na mtoto anayecheza uani huyameza. Katika mwili wa mtoto minyoo hiyo huzurura, na ikifika jichoni inaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Kuna tegu mdogo pia, ambaye amewatesa watu wa Turkana kuliko karibu jamii nyingine yoyote duniani. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu yenye vifuko vya maji. Binadamu akimeza mayai yake, vifuko hivyo huota katika ini au mapafu yake na kukua kwa miaka mingi. Shirika la AMREF lilifanya kazi huko Turkana kwa miaka mingi, likiwapasua wagonjwa na kuwatibu mbwa. Mwenye bucha anayewarushia mbwa maini yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama anaalika ugonjwa huo mjini.

MBWA WA KIGENI ANA VIPIMO VYAKE

Wapo wanaosema kwamba mbwa wa kienyeji ni mgumu na haugui. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba mbwa wa kienyeji hana kasoro nyingi za kurithi zinazowasumbua mbwa wa koo maalumu. Lakini kichaa, kupe, minyoo na brusela havimbagui mbwa kwa ukoo wake. Tena, ugumu huo tunauona kwa wale waliobaki. Wale waliokufa wakiwa na wiki nane hakuna anayewahesabu.

Kwa mwenye German Shepherd, Rottweiler au Labrador kuna jambo la ziada, nalo ni nyonga. Katika mbwa hawa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa kukaa sawasawa katika kikombe chake. Mbwa akiwa mchanga hukimbia vizuri, lakini akifika umri wa kati huanza kuchechemea, na mwishowe hushindwa kuinuka. Hali hii hurithiwa. Ndiyo sababu Uingereza ilianza mpango wa kupiga picha za nyonga za mbwa mwaka wa 1965, na Marekani ikafuata mwaka wa 1966. Katika mpango wa Uingereza kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo nyonga inavyokuwa bora. Mbwa hapigwi picha hiyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na Marekani cheti cha kudumu hungoja miaka miwili.

Hapa kwetu picha ya eksirei inawezekana. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya wanyama Kabete, na karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina kitivo cha udaktari wa mifugo ambako mtu anaweza kuuliza ushauri. Anayetaka kuuza kilebu wa ukoo kwa bei ya juu na hataki kulipia picha moja ya nyonga za mama, huyo anauza kilema kwa mkopo. Mnunuzi atakilipa baada ya miaka minne.

Mnunuzi naye ana wajibu. Akionyeshwa kilebu mwenye manyoya mazuri, aulize cheti cha chanjo cha mama, aulize matokeo ya vipimo, na aombe kumwona mama mwenyewe. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hata kimoja kati ya hivyo asipewe pesa.

MAANDALIZI KABLA YA DUME

Baada ya vipimo kuna matayarisho, na haraka haraka haina baraka. Jike hupata joto la kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12 hivi, na wengine wa miili mikubwa huchelewa zaidi. Wakati huo yeye mwenyewe bado ni mtoto. Afadhali angoje hadi joto la pili au la tatu, akaribie umri wa miaka miwili. Baada ya kuzaa apumzishwe. Anayezalisha kila joto linapokuja anamgeuza mnyama kuwa mashine, na mashine hiyo huchakaa upesi.

Chanjo zote zikamilishwe kabla ya kupandishwa, kwa kuwa nyingi hazifai kutolewa wakati wa mimba. Mama aliyechanjwa hupitisha kinga yake katika maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, ambayo vilebu wanapaswa kunyonya siku ile ile wanayozaliwa. Kinga hiyo huwalinda kwa wiki chache dhidi ya ugonjwa wa kuhara damu wa parvo, ambao ulienea duniani kuanzia mwaka wa 1978 na ambao bado unafuta kizazi kizima cha vilebu kwa siku tatu au nne.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Katika theluthi ya mwisho chakula kiongezwe, na kisiwe ugali wa jana na mchuzi wa mifupa tu. Dagaa, mayai, utumbo uliochemshwa na maharagwe vitasaidia. Asipewe unga wa kalisi wakati wa mimba bila ushauri wa daktari, kwa kuwa humfanya apungukiwe vibaya na madini hayo atakapoanza kunyonyesha. Mama anayenyonyesha akianza kutetemeka na kukakamaa miguu, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Hali kadhalika, akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila kilebu kutoka, au yakipita zaidi ya masaa mawili kati ya kilebu mmoja na mwingine ilhali bado wamo, daktari aitwe. Nambari ya daktari huyo iwe imeandikwa ukutani kabla ya siku hiyo kufika.

Vilebu wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi waachishwe kunyonya, na mama pamoja nao. Wasiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Na kabla hata ya kumtafuta dume, mfugaji aandike majina ya watu watakaowachukua. Asiyeweza kutaja watu wanne waliokubali, akumbuke kwamba jike anaweza kuzaa vilebu wanane.

"SISI NI MASKINI, TUTAPATA WAPI PESA?"

Najua jibu nitakalopewa. Watu wa Kaptembwo wanalipa kodi, maji na karo, na wengine hawajajipima wenyewe shinikizo la damu. Mtu atapataje pesa za kumpima mbwa?

Hoja hii ni ya haki, lakini tuifuate mpaka mwisho wake. Chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo, kuogesha kwa dawa ya kupe na ukaguzi wa daktari si gharama za kumshinda mtu ambaye anatarajia kuuza vilebu. Ni mtaji, kama vile muuza samosa anavyonunua unga kabla ya kuuza samosa. Na kwa yule ambaye hana kabisa pesa hizo, basi pia hana pesa za kulisha vilebu sita kwa wiki nane. Kwake yeye njia ya bei nafuu ni kutozalisha. Jike afungiwe ndani kwa muda wote wa joto, ambao ni kama wiki tatu, au afungwe kizazi. Dume ahasiwe, na bado atabweka usiku kama kawaida.

Aidha, pesa kidogo zilizopo zisipotee kwa matapeli. Tangu sheria ya mwaka wa 2011, matibabu ya wanyama ni kazi ya watu waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Anayekudunga sindano ya mbwa nyuma ya duka la dawa za mifugo umwombe cheti chake. Chanjo iliyokaa juani haina kazi, na mwenye mbwa ataamini kwamba amejikinga ilhali hajakingwa.

WAJIBU WA MTAA NA WA KAUNTI

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji haliwezi kuishi na mbwa kama kijiji. Huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inawapa maafisa uwezo wa kudhibiti mbwa. Pendekezo langu ni kwamba kila mara kaunti inapopanga siku ya chanjo mtaani, meza ya pili iwekwe kando ya ile ya sindano, ya kuandikisha majike na madume wa kufungwa kizazi kwa bei ya chini. Bila meza hiyo, asilimia 70 itaendelea kushuka kila vilebu wanapozaliwa.

Wenye ploti nao wanaweza kufanya kitu bila kungoja kaunti. Kaptembwo na Kwa Rhonda zimewahi kutoa mfano. Kuanzia mwaka wa 2012, mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalifanya kazi na wakazi na wenye ploti wa mitaa hii kuhusu usafi, na wenye ploti wengi wakajenga vyoo bora. Watu walikubali kwamba kinyesi cha ploti moja ni shida ya mtaa wote. Wazo ni lile lile kwa mbwa. Mwenye ploti anaweza kuweka sharti kwamba mbwa yeyote anayefugwa humo awe na cheti cha chanjo cha mwaka huo, na kwamba hakuna jike atakayezalishwa uani bila vipimo na bila idhini ya wapangaji wengine.

Isitoshe, kusini mwetu kuna ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru, yenye simba wake. Mwaka wa 1994 ugonjwa wa distempa uliotokana na mbwa wa vijiji ulivamia Serengeti na kuua takriban thuluthi moja ya simba wa huko, karibu 1,000. Kilebu asiyechanjwa mtaani anaweza kugharimu kazi za watu wanaoishi kwa utalii.

Kwa hivyo, msomaji, kama una jike na unafikiria kumzalisha mwaka huu, usianze kwa kutafuta dume. Anza kwa daktari. Mwache akague, apime damu, atazame cheti cha chanjo, na akuambie ukweli. Akikwambia mbwa huyu hafai kuzaa, mshukuru na umfunge kizazi. Utabaki na mlinzi wako, jirani atabaki na watoto wake salama, na hakutakuwa na kilebu wa kutupwa usiku kwenye jaa.